Nani Ashike Greda? Historia ya Kazi za Ujenzi kutoka Mkoa hadi Halmashauri

UTANGULIZI

Katika madarasa yetu ya siasa historia ya serikali za mitaa hufundishwa mara nyingi kama orodha ya sheria. Mwanachuo hukariri mwaka 1972, mwaka 1978, mwaka 1982 na mwaka 1984, akafaulu mtihani wake, kisha akarudi katani na kushindwa kumjibu mkulima anayemwuliza kwa nini kalavati lililozolewa na mvua za masika halijarudishwa, na huku masika mengine yanakaribia. Mkulima yule haulizi namba ya sheria. Anauliza nani mwenye greda, nani mwenye fedha, na yeye amshike nani.

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia ya Tanzania Bara, na yanashika upande mmoja tu wa historia hiyo, yaani kazi za ujenzi: barabara, madaraja, mitaro, maji na usafi wa miji. Hoja yetu ni kwamba madaraka juu ya kazi hizi hayahami kwa kuandika jina la mwenye wajibu mpya katika sheria. Yanahama pale tu mambo matatu yanaposafiri pamoja: fedha, vyombo pamoja na wataalamu, na haki ya wananchi ya kumuuliza mtendaji na kumwajibisha. Mara kadhaa tangu Uhuru tumepeleka jambo moja kati ya hayo na kuyaacha mengine nyuma, na kila mara aliyelipa gharama ni mkulima na mfanyakazi.

URITHI WA MKOLONI

Serikali ya Kiingereza iligawa kazi za ujenzi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la Idara ya Ujenzi, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake tatu, PWD. Idara hiyo ilikuwa na wahandisi, karakana, mashine na fedha za hazina. Ilitunza barabara kuu, nyumba za maofisa, na njia zilizounganisha mashamba ya mkonge na migodi na stesheni za reli. Fungu la pili liliachiwa utawala wa wenyeji uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Chini ya utawala huo machifu na majumbe walipewa wajibu wa kutunza njia za vijijini, lakini hawakupewa mhandisi wala mashine. Walichopewa ni amri. Mtu aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kupelekwa kulima barabara, huku mnyapara akimsimamia.

Maana ya mgawanyo huo ni dhahiri. Barabara iliyobeba mali ya beberu ililipiwa na hazina, ambayo nayo ilijazwa kwa kodi ya Mwafrika. Barabara iliyobeba mzigo wa Mwafrika ililipiwa tena na mgongo wake. Mijini hali ilikuwa hiyo hiyo. Katika Dar es Salaam lami, mitaro na taa vilianza Uzunguni, vikafuata Uhindini, na mitaa ya makabwela ikangoja. Kwa hiyo tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulirithi mambo mawili kwa pamoja: chombo cha juu chenye uwezo lakini kisichomjua mwananchi, na chombo cha chini kilicho karibu na mwananchi lakini kisicho na uwezo. Historia yote inayofuata ni juhudi ya kuziba pengo hilo.

HALMASHAURI ZA KWANZA NA UDHAIFU WAKE

Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na halmashauri za wilaya zenye madiwani waliochaguliwa zikashika kazi za mitaa: shule za msingi, zahanati, visima na barabara ndogo. Ari ya wananchi ilikuwa kubwa. Katika miaka ile ya kwanza ya Uhuru watu walijitolea kwa maelfu kufyeka njia, kuchimba mitaro na kujenga madaraja ya miti. Lakini ari peke yake haikodishi katapila. Daraja la miti lililojengwa kwa kujitolea lilihitaji mhandisi wa kulikagua na fundi wa kulitengeneza mwaka uliofuata, na halmashauri nyingi hazikuwa nao. Nyingine ziliendeshwa ovyo, vitabu vya fedha havikufungwa, na kodi haikukusanywa vizuri.

Mwaka 1969 Serikali ilifuta kodi ya halmashauri na ushuru wa mazao. Kwa mkulima maskini hatua hiyo ilikuwa ya haki, maana alikuwa akitozwa shilingi ile ile anayotozwa mtu mwenye nafuu kuliko yeye, na mara nyingi alitozwa kwa vitisho. Hata hivyo hapana budi tukubali matokeo yake. Halmashauri za wilaya zilipoteza mapato yake makubwa na kuanza kuishi kwa ruzuku. Chombo kinachoishi kwa ruzuku huanza kumtazama anayetoa ruzuku, na hukoma kumtazama anayehudumiwa. Kwa hiyo halmashauri zilikuwa zimekwisha kudhoofika kabla hazijafutwa.

MADARAKA MIKOANI, 1972

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ilikuwa lazima kuvunja ukiritimba wa wizara za Dar es Salaam. Mwezi Mei 1972 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake kuhusu Madaraka Mikoani. Nia ya siasa ilikuwa safi: wananchi waamue maendeleo yao, na wataalamu watoke makao makuu wakafanye kazi karibu nao. Lakini ramani ya utekelezaji iliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya Kimarekani, McKinsey, na ramani hiyo ilichorwa kwa akili ya meneja wa kampuni. Ilimweka Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa juu, Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya chini yake, na maofisa wa fani mbalimbali chini yao. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, na za miji zikafuata mwaka 1973.

Kwa upande wa kazi za ujenzi mabadiliko yalikuwa makubwa. Barabara kuu zilibaki wizarani. Barabara za mkoa na za wilaya, maji ya vijijini na majengo ya huduma viliingia chini ya uongozi wa mkoa, ambako sasa walikaa Mhandisi wa Mkoa, Mhandisi wa Maji wa Mkoa, karakana na bohari. Kila mkoa ukawa na kasma yake katika bajeti ya Taifa, chini ya uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu, wakati huo Ndugu Rashidi Kawawa.

Si haki kusema kwamba mfumo huo haukuzaa kitu. Wahandisi waliokuwa wamezoea viti vya Dar es Salaam walikwenda kuishi mikoani. Mpango wa maji uliotangazwa mwaka 1971, uliolenga kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991, ulipata watendaji wa mikoani wa kuusukuma. Lakini pale ambapo nia ya siasa ilisema madaraka yafike kwa umma, madaraka yalitoka Dar es Salaam, yakafika mkoani, yakakaa. Madiwani walibaki na nafasi katika baraza la maendeleo la wilaya, wakijadili mipango; fedha na watumishi vilikuwa mikononi mwa mkurugenzi, naye mkurugenzi aliteuliwa kutoka juu na kuwajibika juu. Ombi la kijiji la daraja lilipanda kata, likapanda wilaya, likapanda mkoa, likaenda Ofisi ya Waziri Mkuu na Hazina, na jibu lilipoteremka mara nyingi mto ulikuwa umekwisha kubadili njia.

Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa greda la mkoa miaka hiyo aliwahi kunieleza kazi yao kwa maneno machache. Alisema walikuwa na mpango wa mwaka uliobandikwa ukutani karakana, lakini greda lilitoka ilipopatikana habari kwamba kiongozi mkubwa anakuja. Barabara ya ziara ilichongwa siku mbili kabla. Barabara ya pamba ilingoja. Nilipomwuliza kama wananchi hawakulalamika, alijibu kwamba walilalamika sana, ila wao waliokuwa karakana hawakuwa na namna ya kuwasikia. Maneno ya mzee yule yana elimu ya siasa ndani yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ofisa anayewajibika kwa mkubwa wake tu atauona mzigo wa mkulima kuwa mwepesi daima.

MIJI BILA WENYEWE

Ubaya wa mfumo ulionekana upesi zaidi mijini. Mji ni kiumbe kinachohitaji huduma kila siku. Taka zisipozolewa wiki moja kila mtu anajua. Mtaro usipozibuliwa mvua ya kwanza huingia nyumbani. Baada ya mwaka 1973 miji iliunganishwa na maeneo ya vijijini yanayoizunguka, na Dar es Salaam ikagawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Watendaji wa wilaya walikuwa na maagizo mengi mabegani, hasa ya kilimo na, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kwamba watu wote wa vijijini waishi katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976, kazi nzito ya kuhamia vijijini. Usafi wa mji haukuwa na mwenyewe. Magari ya taka yaliharibika, mitaro ikaziba, barabara za mitaa zikawa mashimo, na mafundi wa zamani wa manispaa wakatawanywa katika idara nyingine.

Mwaka 1977 ukazuka ugonjwa wa kipindupindu. Kipindupindu husafiri katika maji machafu na uchafu usiozolewa, na kilitufunza somo ambalo mikutano yetu haikuwa imelifunza. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya mpito ya kurudisha halmashauri za miji. Tazama mpangilio huo, Ndugu msomaji: tulichukua huduma kutoka kwa miji kwa waraka, tukairudishia kwa msukumo wa maradhi.

WAJIBU UNARUDI, VYOMBO VINABAKI

Ilani ya Chama ya uchaguzi wa mwaka 1980 iliahidi kurudisha serikali za mitaa nchini kote. Mwaka 1982 zikapitishwa sheria zinazohusika, miongoni mwao Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha. Halmashauri zilianza kazi tena mwaka 1984, na mabadiliko ya Katiba ya mwaka huo yakaingiza ibara za 145 na 146 zinazozitambua serikali za mitaa kuwa chombo cha kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka huo huo Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika, kulikuwa kosa. Ukweli wa namna hiyo ni mfano kwa kila kada, maana chama kisichojikosoa hukosolewa na njaa na maradhi.

Hata hivyo tuchunguze kilichorudi. Wajibu wa barabara za wilaya, mitaro na usafi ulirudi kwa halmashauri. Lakini uzoefu mkubwa wa kazi, karakana na mashine nzito vilikuwa vimejengwa mkoani kwa miaka 12, na sehemu kubwa ilibaki huko. Halmashauri ilianza na ofisi, muhuri, na mhandisi mmoja iwapo ilikuwa na bahati. Alipotaka greda alikwenda kuliomba mkoani, kama jirani anayeazima sufuria siku ya arusi. Fedha nazo zilikuwa za mashaka. Kodi ya maendeleo ililetwa, lakini uchumi wa nchi ulikuwa umeumizwa na bei ya mafuta, na vita dhidi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979, na bei duni za mazao yetu. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yaliyofuata yakabana matumizi ya umma kwa jumla.

Hapa ndipo lilipozaliwa jambo la hatari katika fikra za watu wetu. Wananchi walipoona kwamba halmashauri ina wajibu na haina kitu, walianza kuamini kwamba serikali ya mitaa ni dhaifu kwa asili yake. Huo ni uongo. Ni sawa na kumnyang'anya mtu jembe, ukampa shamba, kisha mwisho wa msimu ukatangaza kwamba yeye ni mvivu.

MKOA UNAKUWA MSHAURI

Hatua ya kweli kuhusu mkoa ilikuja kwa Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 19 ya mwaka 1997. Wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa waliondoka, ikaundwa Sekretarieti ya Mkoa chini ya Katibu Tawala, na kazi ya mkoa ikawa kushauri, kuwezesha na kusimamia halmashauri, badala ya kutekeleza yenyewe. Mwaka 1998 ikatolewa sera ya kuboresha serikali za mitaa, na ukaanzishwa Mfuko wa Barabara unaotokana na tozo ya mafuta. Mwaka 2000 barabara kuu na za mikoa zilikabidhiwa Wakala wa Barabara, TANROADS, na barabara za wilaya zikabaki za halmashauri.

Kwa mara ya kwanza fungu la fedha lilisafiri pamoja na wajibu. Lakini kipimo chake kinafaa kutazamwa. Kwa miaka mingi asilimia 30 ya Mfuko ilikwenda kwenye barabara za halmashauri, na sehemu iliyobaki ilikwenda kwenye barabara za Taifa na za mikoa. Hesabu ya barabara zote wakati huo ilikuwa kama kilometa 86,000, na kati ya hizo kama kilometa 52,000 zilikuwa za wilaya. Ni kweli kwamba kilometa ya barabara kuu hubeba magari mengi na hugharimu zaidi. Lakini gunia la mahindi halianzii safari yake kwenye lami. Linaanzia shambani, na mama mjamzito naye anaanzia kitongojini.

Tusiwafiche wanachama wetu kwamba halmashauri nazo zilikosa. Nilipokuwa kada kijana katika kata moja nilihudhuria kikao ambacho taarifa ilisomwa kwamba makalavati sita yamejengwa katika barabara yetu. Mama mmoja mkulima alisimama, akasema anaipita barabara hiyo kila siku ya gulio na ameona mawili. Mwenyekiti alimwambia akae. Alikaa. Mimi niliyekuwa na dhamana ya kusimamia haki yake sikusema neno, kwa sababu mkandarasi alikuwa mtu wa karibu na wakubwa wa pale. Nimefundisha siasa miaka mingi tangu siku ile, na sijapata mfano mzuri zaidi wa namna madaraka ya umma yanavyokufa. Fedha zilifika na mtaalamu alikuwepo. Jambo la tatu, yaani haki ya mwananchi kuuliza, ndilo lililokosekana, na waliolikosesha tulikuwa sisi. Penginepo madiwani waligawana fungu dogo kwa kila kata ili kila mmoja aonekane ameleta greda, na matokeo yake hakuna barabara iliyokamilika.

KIPINDI CHA WAKALA

Makosa hayo ni miongoni mwa hoja zilizotumika mwaka 2017 ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara za wilaya na wahandisi wake vilitoka katika halmashauri. Mwaka 2019 ikafuata RUWASA kwa maji ya vijijini. Hazina ikapata mlango mmoja wa kupeleka fedha, mipango ikatengenezwa kitaalamu zaidi, na katika bajeti ya mwaka 2021/22 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Hayo ni mafanikio na tuyataje.

Lakini anayejua historia atalitambua umbo lake. Ni kweli kwamba wakala si mkoa, na mwaka 2017 haukuwa mwaka 1972. Hata hivyo mtaalamu na fedha vimekaa tena upande mmoja, na diwani aliyechaguliwa amekaa upande mwingine. Daraja likibomoka wananchi humwita diwani, maana ndiye waliyempa kura na ndiye anayeishi nao. Naye anaweza kuomba, kusihi na kuandika barua. Swali la mwaka 1972 limerudi likiwa limevaa nguo nyingine: mhandisi huyu anawajibika kwa nani?

MAFUNZO KWA KADA

Kwanza, tusipime ugatuaji kwa jina la chombo. Mkoa, halmashauri na wakala vyote vinaweza kumtumikia umma, na vyote vinaweza kugeuka ngome ya urasimu. Tupime kwa mambo matatu tuliyoyataja, na tuyapime kwa pamoja.

Pili, kosa la kuiba makalavati halitibiwi kwa kumwondoa diwani katika usimamizi. Linatibiwa kwa kumpa nguvu mama yule aliyeyahesabu. Taarifa ya kila mradi isomwe katika mkutano wa kijiji au mtaa, ikitaja mahali, idadi na fedha, na watu waende kuitazama kazi kwa macho yao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la barabara lazima liwe wazi kwa mwenye barabara.

Tatu, kada hana haki ya kunyamaza. Kazi yake katika kikao si kulinda utulivu wa mwenyekiti. Mwananchi anapotaja hesabu isiyolingana na taarifa, kada ndiye wa kwanza kudai kikao kiende barabarani kuhesabu. Mimi nilishindwa kufanya hivyo, na ninaandika haya ili mwanachuo anayesoma asishindwe.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mfumo wa mwaka 1972 ni jambo lipi kati ya matatu lilihama, na lipi halikuhama?
2. Kwa nini kufutwa kwa kodi ya halmashauri mwaka 1969 kulikuwa hatua ya haki iliyokuwa na matokeo mabaya?
3. Chagua barabara moja ya kata yako. Eleza nani ana wajibu wake, nani ana fedha zake, nani ana mashine, na mwananchi anamuuliza nani. Majibu yakiwa majina manne tofauti, pendekeza la kufanya.